Rinda Lililomeza Herufi Mbili

Vijana wangu, nawaona mnavyonunua mito siku hizi. Mnaingia dukani, mnaikuta imefungwa kwenye plastiki, mnachagua ile inayolingana na pazia, basi. Mkifika nyumbani mnaipanga kwenye kochi mmoja mmoja, na mgeni akitaka kuuegemea mnamkodolea macho kwa kuhofia mafuta ya nywele zake. Mimi hukaa pembeni nikacheka kimyakimya, maana nimeshakuwa mzee, na mzee akisema kila anachokiona hakaribishwi tena. Leo lakini mmeniomba niseme.

Nimeshona na kujaza mito ya nyumba za watu tangu enzi za Mwingereza, Temeke hadi Kinondoni, mpaka vidole vikakataa sindano. Mtu akisikia hivyo hudhani nilikuwa na kazi ya kitoto, ya maua na lesi. Nawaambia kweli, hadi leo nikishika foronya mpya ambayo haijaingia kitu ndani, naishika kwa heshima. Nimeona mto ukitaka kumtoa mama nyumbani kwa mwanawe. Sijapata kuona tena kitu kidogo namna ile chenye nguvu namna ile. Nitafika huko, msinikimbize.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Mwantumu. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya chini, na nyumba yake ya udongo na makuti ilikuwa Temeke, nyuma ya njia waliyopita wafanyakazi wa bandarini kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa shangazi yangu sina mbele wala nyuma, na shangazi akachoka kuniona nimejiinamia. Akanishika mkono akanipeleka kwa Bi Mwantumu, akamwambia huyu Tatu anaweza kushona. Bi Mwantumu hakunipa sindano. Alinipa gunia la sufi, akaniambia nichambue, naye akaenda kupika.

Sufi ile ilitoka mashamba ya ng'ambo ya Kigamboni, na nyingine Mabibo, ikiwa bado kwenye maganda yake. Nilipasua ganda la kwanza nikashangaa. Nilikuwa nimelalia mito ya sufi maisha yangu yote na sikuwahi kuiona sufi yenyewe. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, ina joto lake, na nilipoishika mkononi sikusikia uzito wowote. Nikapumua tu, ikaruka. Ilinikaa kwenye nyusi, kwenye pua, ndani ya kikombe cha chai cha Bi Mwantumu, na aliporudi kutoka jikoni alinikuta nimekuwa bibi kizee mwenye mvi kabla ya wakati wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha kujifunga kitambaa mdomoni na kufunga madirisha kwanza.

Kuchambua sufi ni kutoa mbegu. Hilo ndilo la kwanza, na wengi walilidharau. Mbegu ya sufi ni nyeusi, ndogo, ina mafuta, na ukiiacha ndani ya mto umemwekea akiba mnyama mmoja ambaye mnamjua. Kinondoni alikuwako mfanyabiashara wa Kiarabu, Bwana Salimu, mtu wa heshima zake, duka mbele na nyumba nyuma. Alinunua takia za sebuleni kwa fundi mwingine, zile ndefu za kuegemea ukutani. Siku moja ameketi na wageni wake wanakunywa kahawa, takia ikaanza kukwaruza mgongoni mwake. Akahama. Ikakwaruza kwa mgeni. Watu wakatazamana, mmoja akaanza kusoma dua kimoyomoyo, na jioni ile mkewe akahama chumba kwa kudhani nyumba imeingiliwa na jini.

Ndipo akaitwa Bi Mwantumu, kwa kuwa ni fundi na pia kwa kuwa alijulikana ni mchamungu, wakapata wawili kwa mmoja. Alitia sikio kwenye ile takia akasikiliza kwa muda mrefu. Akaomba mkasi. Alifumua mshono kidogo, akatutazama, akasema jini amezaa. Panya alikuwa amejilaza humo na vitoto vyake, vyekundu, havijafumbua macho, juu ya sufi safi kabisa, huku maganda ya mbegu yamezagaa. Mke wa Bwana Salimu alicheka akalia. Tangu siku hiyo nyumba ile haikushonewa kitu na mtu mwingine, na mimi sikuacha tena mbegu hata moja.

Sasa mtaniuliza, na rangi je, mlichaguaje? Hapo ndipo nilipomwogopa Bi Mwantumu, woga wa mtu anayeona jambo asilolielewa. Akiitwa kwenye nyumba alikuwa hapiti mlango wa mbele. Alizunguka akapiga hodi uani. Wenyeji walidhani ni unyenyekevu. Kumbe alikuwa anakwenda kutazama kamba ya nguo. Aliniambia sebuleni watu wanaweka kile wanachotaka wengine wakione, lakini kwenye kamba ziko zile wanazozivaa zikachakaa, wakazifua, wakazivaa tena. Rangi iliyofifia kuliko zote kwenye kamba ndiyo wanayoipenda. Aliitafuta rangi hiyo dukani ikiwa mpya, akaiweka kwenye mto mmoja tu, ule wa mahali anapokaa mama wa nyumba. Mito mingine aliipa rangi za kuusindikiza.

Kwa Bwana Salimu kamba ilikuwa na kanga moja ya manjano, imefuliwa mpaka maua yamebaki kama moshi. Sebule yao ilikuwa nyekundu na kahawia, ya kifahari, na mke hakupenda kukaa humo, alishinda jikoni. Bi Mwantumu akashona takia nyekundu zote kama walivyotaka, kisha akaongeza mto mmoja mdogo wa manjano, akauweka pembeni karibu na dirisha. Yule mama akaja kutazama. Alisimama mlangoni, akapunguza sauti kana kwamba kuna mtoto amelala, akaenda moja kwa moja akakaa penye manjano. Hakuna aliyemwambia akae pale. Mimi nilisisimka mwili, nikamtazama Bi Mwantumu, naye anakunja kitambaa chake kama mtu aliyemaliza kufagia.

Mengine ni ya mkono tu na nitawapa bure. Mto wenye maua mengi usiuweke karibu na mwenziwe wenye maua mengi, watagombana. Uweke kati ya miwili isiyo na maua, na rangi ya hiyo miwili uitoe ndani ya ua lenyewe. Mkubwa akae nyuma, mdogo mbele. Kujaza usijaze kwa tamaa. Tia kiwiko: kikizama mpaka kikagusa kiti, ongeza sufi; kikirudishwa juu, punguza. Halafu laza sikio. Ukisikia inachakarika, bado ina unyevu, irudishe juani chini ya chandarua isije ikasafiri. Na mto wa mapambo usioegemewa, jamani, ni mzigo wa vumbi. Bi Mwantumu alikuwa akikuta mto uliopangwa kama wa maonyesho, anaukalia makusudi.

Haya, nije kwa Mama Roza.

Alikuwa mke wa karani wa bandarini, Bwana Elia, watu wa Ugogoni, Wakristo, wakikaa kwenye kota za serikali pale Temeke. Chumba na sebule, jiko la nje, na kiwanja kidogo cha nyuma kilichokuwa mchanga mtupu. Mama Roza alikuwa mwembamba, mwenye haraka, anayejua kusoma na kuandika kwa kuwa alilelewa misheni. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Alituambia hayo siku ya kwanza tu, bila kuulizwa, huku akitazama sindano ikiingia na kutoka: kwamba yeye hajawahi kumwita mtu mama.

Na sasa mama mkwe alikuwa anakuja. Baba mkwe, aliyekuwa mwalimu wa kanisa kijijini, alikuwa amefariki. Tembe lao, ile nyumba ya paa la udongo, lilibomoka kwa mvua. Ng'ombe wachache waliobaki walikwenda kwa ndugu. Yule bibi hakuwa na kwake tena. Bwana Elia alimtumia nauli aje kwa gari la moshi aishi nao. Lakini alimwonya mkewe. Alimwambia, mama yangu ana moyo wa kujitenga. Akihisi hata kidogo kwamba ni mzigo, hatasema neno, atafunga furushi na kuondoka, hata kama hana pa kwenda. Mama Roza alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya maneno hayo.

Basi akazunguka madukani akatafuta kanga. Hakutafuta rangi, alitafuta jina. Nyie mnajua kanga ina mji wake katikati, ina pindo, na chini ya mji ina maneno, ndilo jina lake. Akapata moja ya bluu na nyeupe yenye ua kubwa, na chini yake imeandikwa MGENI WETU ASIONDOKE. Alituletea akiwa ameikumbatia. Alitaka mto mmoja mrefu wa kuegemea, wenye ua lile na maneno yale mbele, uwekwe kwenye kiti cha mama mkwe, na mingine miwili midogo ya bluu tupu ya kuusindikiza. Alitusomea maneno, tukayasifu sana, akaenda zake.

Sasa sikilizeni. Bi Mwantumu alikuwa msomi wa chuoni. Kurani aliikhitimu akiwa msichana, na barua ya Kiswahili aliiandika kwa herufi za Kiarabu, mkono wake mzuri, majirani walimjia awaandikie. Lakini herufi za kizungu hakuzijua hata moja. Wanawake wengi wa umri wake walikuwa hivyo, wasomi kwa mwandiko mmoja na vipofu kwa mwingine. Mimi ndiyo kabisa, sikujua huu wala ule. Kwetu sisi wawili yale maandishi ya kanga yalikuwa sehemu ya mapambo, maua mengine yaliyopangwa mstari.

Bi Mwantumu akataka mto ule upendeze kuliko yote aliyowahi kushona. Mama mkwe anakuja, mwanamke wa watu anataka mama, si jambo dogo. Akaamua kutia rinda pana katikati, kutoka juu hadi chini, ili ua lile lijikunje na kukaa kama linachanua. Ni ufundi mgumu, msiuone hivihivi. Alipima kwa vidole, akakunja, akatoa, akakunja tena, akashona kwa mkono mishono midogo isiyoonekana. Rinda lilikaa katikati ya ua barabara. Lakini kanga ile maneno yake yalichapwa yakaenda upande kidogo, kwa hiyo katikati ya ua haikuwa katikati ya maneno. Sisi hatukuona kasoro. Tuliuweka juu ya kitanda tukauzunguka, na nakumbuka nilimwambia Bi Mwantumu kwamba mto huu unatisha kwa uzuri.

Tuliupeleka mchana ule ule ambao mama mkwe alitarajiwa kufika jioni. Mama Roza alikuwa jikoni, mikono ina unga, akauona kwa mbali tu, akasema ni mzuri mno, tumwekee kwenye kiti. Hakuyasoma maneno. Ya nini ayasome, na ndiye aliyeyachagua? Alikuwa akiyajua kichwani.

Kesho yake asubuhi tunachambua sufi, Mama Roza akaingia bila hodi. Ameubeba mto kifuani, ushungi umeanguka, miguu ina vumbi hadi magotini. Akauweka mbele yetu. Bi Mwantumu akampa maji, akanywa, ndipo akaeleza.

Bibi alifika jana jioni, akapokelewa, akaoshwa miguu, akakaa kwenye kile kiti akaegemea. Baada ya kula akageuka kutazama mto. Alikuwa anajua kusoma, mumewe alimfundisha kwa kitabu cha Zaburi, anasoma polepole kwa kidole. Mama Roza alimwona anapitisha kidole juu ya mto akafurahi, akatoka kwenda kuosha vyombo. Aliporudi bibi alikuwa amehama, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema kiti kile ni kirefu, kinamuumiza miguu. Asubuhi Mama Roza alimkuta amefunga furushi. Bwana Elia alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Bibi alisema anangoja mwanawe arudi mchana ampeleke stesheni, anarudi kuangalia ng'ombe.

“Ng'ombe gani,” Mama Roza alituambia, “wakati hana hata mbuzi. Nikampigia magoti, nikamuuliza nimekosa nini. Akaniambia, hujakosa, mwanangu, mto wenu umeshaniaga.”

Ndipo Mama Roza, kule nyumbani, alipoutazama mto vizuri kwa mara ya kwanza, akaubeba mbio kuja kwetu. Sasa akashika kidole cha Bi Mwantumu, akakipitisha juu ya maandishi, akamtajia kila herufi kama anavyofundishwa mtoto. Mgeni. Wetu. Aondoke. Rinda lilikuwa limekunja kitambaa palepale penye herufi mbili, S na I, likazimeza zote, na upande wa kushoto ukaungana na wa kulia vizuri kabisa, kwa mishono ile midogo isiyoonekana. Kama Bi Mwantumu angekuwa fundi mbovu, pengo lingeonekana na bibi angejua kuna kitu kimefichwa.

Kusema kweli niliuogopa ule mto. Niliuona umelala pale na ua lake zuri, nikafikiri, hizi alama mbili zisizozidi upana wa vidole viwili zina uwezo wa kumfungulia mtu mlango au kumfungia. Bi Mwantumu aliondoa mkono wake taratibu.

“Uzi wangu umemfukuza mtu,” akasema.

Mama Roza akamsihi aufumue upesi, amrudishie mto aende nao, mchana unakaribia. Nami nilishachukua mkasi. Bi Mwantumu akanizuia. Alisema tukiufumua hapa, yule bibi ataona tumekwenda kuandika upya kwa sababu ya aibu, na atakuwa na haki ya kufikiri hivyo. Mama Roza alikuwa ameshamwambia ni makosa ya fundi, na bibi alimjibu kwamba herufi haziji zenyewe. Kwa hiyo mto utafumuliwa mbele yake, na atakayeufumua ni yeye.

Tukaenda watu watatu, Bi Mwantumu mbele kwa mwendo ambao sikujua anao. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipita mlango wa mbele. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, mkavu, mrefu hata akiwa amekaa, kanga nyeusi kichwani, furushi kati ya miguu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba alikuwa amekwisha kukubali.

Bi Mwantumu akakaa chini, mchangani, mbele yake. Walisalimiana kwa urefu kama watu wa makamo yao, hali, safari, watoto, msiba. Alimpa pole ya mumewe. Kisha akauweka mto mapajani mwa bibi.

“Dada,” alisema, “huu nimeushona mie. Nasoma msahafu, lakini mwandiko huu siujui. Nimekunja nisichokijua. Nakuomba ushike uzi huu uuvute, ujionee mwenyewe nilichokifunika.”

Bibi alimtazama. Akautazama mto. Bi Mwantumu alikata fundo la juu kwa meno, akamwonyesha ncha ya uzi. Bibi akaivuta. Mishono ikaanza kuachia mmoja baada ya mwingine, bila sauti, kutoka juu kuteremka, na rinda likafunguka kidogo kidogo. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa kilikuwa kipya zaidi ya kingine, bluu yake imekoza. Mpaka uzi ukafika chini kwenye maneno, na zile herufi mbili zikatokea.

Mama Roza alikuwa amesimama ukutani ameziba mdomo. Bibi akaweka kidole chake kwenye A. Akasogeza. Nilimsikia anasoma silabi moja moja kwa lafudhi ya kwao. A, si, o, ndo, ke. Akarudi nyuma akasoma tena. Nimeishi miaka mingi na nimeingia nyumba nyingi, na sijasikia mtu akisoma kwa namna ile, kama anayeonja chakula alichoambiwa kina sumu.

Tulidhani yamekwisha. Bi Mwantumu alishaanza kumshukuru Mungu. Lakini bibi hakufungua furushi. Kidole chake kilikuwa kimerudi mwanzo wa mstari, kwenye neno la kwanza, kikasimama hapo.

“Nimeona hizi mbili,” alisema. “Na huyu mgeni ni nani? Mimi nilikuja kwa mwanangu.”

Hapakuwa na rinda lililolificha hilo. Lilikuwa limeandikwa wazi tangu kiwandani, na sisi sote, Mama Roza aliyelichagua na sisi tuliolishona, hatukulisikia. Sasa nililisikia. Mgeni hata akiombwa asiondoke, ni mgeni.

Mama Roza akatoka ukutani. Alipiga magoti mbele ya bibi, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

“Mama,” alisema, “dukani sikuona iliyoandikwa mama.”

Na neno lenyewe lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetamka lugha asiyoizoea. Halafu akauchukua mto. Akakunja kitambaa upande wa kushoto, MGENI chini, WETU chini, akabana kwa vidole, akamgeukia Bi Mwantumu akamwambia hapa pia tia rinda. Bi Mwantumu alikuwa na sindano yake kwenye kitambaa cha kichwa, haikutoka humo hata akilala. Akashona palepale mchangani, marinda matatu madogo, moja juu ya jingine, na kwa kuwa lile la katikati lilikuwa limefunguliwa na foronya imelegea, marinda mapya yaliikaza ikarudi saizi yake. Ua liliharibika. Lilikwenda upande, likakaa kama ua lililopigwa na upepo. Mbele likabaki neno moja tu, ASIONDOKE, peke yake, bila kusema ni nani.

Bi Mwantumu alikata uzi akampa bibi mto. Bibi aliushika, akauminya kwa kiwiko kama aliyejua kazi yetu, akaunusa, akampa Mama Roza auweke kwenye kiti. Furushi lilikuwa bado kati ya miguu yake. Aliinuka, akaliacha furushi pale kizingitini, akapita sebuleni, akatoka mlango wa nyuma, akasimama kwenye kile kiwanja cha mchanga mtupu. Akachota mchanga kiganjani, akaufikicha, akaumwaga.

“Mmekaa hapa siku zote hizi,” alisema, “hamkupanda hata mlenda. Jembe liko wapi?”